Sura ya tatu (mbinu za utafiti) imerudishwa: "mbinu haziendani na malengo"

MwlKibosho
Habari zenu wadau. Naandika tasnifu ya uzamili wa elimu kuhusu utoro katika shule 6 za sekondari za kata, Wilaya ya Moshi. Malengo mahsusi ni 3: kupima kiwango cha utoro, kubaini sababu zake, na kutathmini hatua zinazochukuliwa na shule. Nimepanga dodoso kwa wote. Wanafunzi wa kidato cha 2 na cha 3 ni 1,200, walimu 84, wakuu wa shule 6. Nimewajumlisha, nikatumia fomyula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli (idadi ya watu wa kuwapa dodoso), nikapata 305. Msimamizi kaandika hayo maneno ya kwenye kichwa tu. Nianzie wapi?

Takwimu_Njiro
Pole mwalimu. Tenganisha makundi kwanza. Hao 305 ukiwagawa kwa uwiano, wakuu wa shule hawafiki hata 2! Wako 6, wachukue wote. Fomyula ibaki kwa wanafunzi peke yao: 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 300 (hiyo 0.0025 ni kosa linaloruhusiwa, 0.05, likizidishwa kwa lenyewe). Gawa kwa ukubwa wa shule. Yenye wanafunzi 240 itatoa 60. Kisha fuata orodha ya majina, kila jina la 4, ukianzia namba ya kubahatisha kati ya 1 na 4.

Sasa hapa uwe makini sana: ukigawa dodoso kwa waliopo darasani siku hiyo, watoro wenyewe hawamo. Unapima utoro kwa kuwauliza wanaohudhuria. Jina likimwangukia asiyekuwepo, rudi siku nyingine, usimweke jirani yake wa dawati.

MamaTasnifu
Naunga mkono. Na lengo la kwanza halihitaji dodoso kabisa, linahitaji daftari la mahudhurio la muhula mzima. Andaa fomu yenye jinsia, kidato, siku za masomo na siku alizokosa. Lisome daftari kwa jicho kali: safu za wiki nzima zenye alama zilezile, wino uleule, hata siku ya soko, huenda zilijazwa Ijumaa kwa mkupuo. Linganisha na hesabu ya vichwa ya kushtukiza.

Dodoso liende lengo la pili, kwa Kiswahili, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza. "Unakosa shule kwa sababu ya umbali na karo?" ni maswali mawili, yatenganishe. Lijaribu kwa wanafunzi 30 hivi wa shule isiyo kwenye sampuli. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha kama maswali yanakubaliana, ya 0.7 inakubalika, ila ipige kwa vipengele vya mizani (vile vya kukubali au kukataa kwa viwango) vinavyopima jambo moja. Umri na jinsia havimo kwenye hesabu hiyo. Lengo la tatu litumie usaili, yaani mahojiano ya ana kwa ana.

Mdau_Sakina
Vibali: barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo shuleni. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi pia. Epuka Novemba, kidato cha 2 wako kwenye upimaji wa taifa.

MwlKibosho
Asanteni sana. Walimu 84 je, wote?

MamaTasnifu
Hapana. Chukua walimu wa madarasa husika na walimu wa nidhamu, ndio wanaoshika daftari na kuita wazazi. Andika wazi kwamba huo ni uteuzi wa makusudi, na sababu yake uitaje papo hapo.