Tupeane uzoefu: lini kujilinda kuliokoa kikosi chenu mezani?

Wadau wa michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mtu anaigiza mhusika wake kwa maneno na dadu zinaamua matokeo, salaam. Uzi huu ni wa jambo moja: mpambano umeanza, dadu zimerushwa, zamu zimepangwa, halafu mtu anaamua kutopiga. Meza nyingi nilizokaa hapa Kampala, ukifanya hivyo unaonekana mwoga. Mimi naamini ustadi uko hapo hapo, ila unategemea umesimama wapi kwenye foleni ya zamu.

Naanza na Dungeons & Dragons kwa kuwa wengi ndiyo tunayoicheza. Kila mmoja anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha wepesi wake, mwenye namba kubwa anatangulia. Ukitumia tendo lako kukwepa, adui unayemwona akikushambulia anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo, mpaka zamu yako irudi. Adui aliyehitaji 11 kukupata, nafasi yake inashuka kutoka 50% hadi 25%. Kama una deraya nzito na ngao na anahitaji 16, inatoka 25% hadi 6% hivi. Kwa hiyo anayenufaika zaidi ni yule aliyekwisha kuvaa chuma.

Tulikuwa tunacheza Ntinda, kikosi kimebanwa kwenye ujia wa ngome, vibwengo wanamiminika. Mwenye ngao wetu akapata zamu ya kwanza. Akajaza mlango, akasema "nakwepa." Watu wakaguna. Lakini vibwengo wote walikuwa nyuma yake kwenye foleni, kwa hiyo kila pigo la raundi ile lilikuta ameshajikinga, huku mpiga mishale na mchawi wakifanya kazi nyuma yake. Angekuwa wa mwisho, wangeshamchakaza kabla hajafungua mdomo.

Haya, leteni ya kwenu.

Mdau wa Jinja
Asante mkuu kwa uzi. Mimi ni msimamizi wa mchezo, na kinachosahaulika sana mezani kwangu si tendo, ni riaksheni, yaani jibu la papo hapo unalolitoa nje ya zamu yako. Unayo moja tu, na inarudi zamu yako inapoanza. Ukiitumia kumpiga adui anayekukimbia, huna tena ya kuita kinga ya kichawi, ile inayoongeza 5 kwenye namba yako ya ulinzi (ile ambayo dadu ya adui lazima iifikie) hata baada ya pigo kukufikia.

Dawa yangu ni vifuniko vya soda. Kila mhusika na kila adui ana kifuniko, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, vimepangwa mstari mmoja kwa mfuatano wa zamu. Ukitumia riaksheni, kifuniko kinageuzwa meno juu. Zamu yako ikifika, kinarudishwa. Tangu nianze hivyo wachezaji wanasoma mstari kabla ya kusogea. Kuna binti mezani kwetu aliona kifuniko cha zimwi kimegeuzwa, akajua limeshatumia pigo lake kwa mwenzake. Akapita pembeni yake bila kupoteza tendo la kujiondoa, akamfikia mganga aliyekuwa chini. Yule mganga angekufa.

Mdau wa Arua
Sisi huku tunacheza GURPS, mchezo mwingine wa aina hii, na habari ni nyingine kabisa. Zamu hazirushiwi dadu: mwenye kasi kubwa anatangulia, basi, na zamu moja ni sekunde 1. Ulinzi nao hausubiri zamu yako. Kila unapopigwa una haki ya kukwepa, kupangua kwa silaha au kukinga kwa ngao, kwa dadu 3 za pande sita.

Mtu wa kawaida kukwepa kwake ni 8, yaani jumla ya dadu iwe 8 au chini, na anafaulu kama 26% tu. Akirudi nyuma hatua moja anaongezewa 3, inakuwa 11, na hapo anafaulu zaidi ya 62%. Hatua moja tu! Ndiyo maana mimi nikiingia vitani kwanza naangalia mgongo wangu una nafasi gani. Kijana mmoja mgeni alichagua shambulio la nguvu zote, ambalo linakunyima ulinzi wowote mpaka zamu yako ijayo. Alimwangusha aliyekuwa mbele yake. Wa pembeni akamchoma mkuki, naye hana hata dadu ya kurusha.

Dada wa Mbale
Sisi tunacheza Savage Worlds, jamani. Karata zile zile tunazochezea mchezo wa matatu ndizo zinazopanga zamu, na zinagawiwa upya kila raundi. Ree iko juu, mbili iko chini. Zikilingana, shupaza inaipita kopa, kopa inaipita uru, pau ya mwisho. Ukipata jokeri unacheza wakati wowote upendao, na unaongezewa 2 kwenye dadu zako. Mimi nikiwa na karata kubwa mara nyingi nasubiri, namwacha adui aanze kusogea ndipo nimkatize.

Mdau wa Gulu
Nakubali nusu. Uwanja ukiwa wazi, ukikwepa adui anakuzunguka tu anaenda kwa mchawi, na wewe umepoteza zamu. Halafu swali: hivi kusubiri kwenye Dungeons & Dragons kukoje? Mezani kwetu kila wiki ni ugomvi.

Mwanzisha uzi
Kweli kaka, bila mlango au daraja kukwepa kunapungua thamani. Hapo naipenda Pathfinder toleo la pili, mchezo unaofanana na Dungeons & Dragons: una matendo 3, unainua ngao kwa moja upate 2 za ulinzi, na bado unapiga.

Kuhusu swali lako: kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons huwezi kusogeza zamu yako mbele au nyuma. Unachoweza ni kujiandaa. Unataja kitakachokuchochea, mfano "kibwengo akivuka kizingiti," na kikitokea unatenda kwa riaksheni yako. Kisipotokea mpaka zamu yako irudi, tendo limepotea. Ukiandaa uchawi, lazima uushikilie kwa umakini, na umakini ukivunjika uchawi umekwenda, pamoja na nafasi ya uchawi uliyoitumia. Pathfinder ndiyo inayoruhusu kuahirisha zamu: unakaa nje ya foleni bila riaksheni, na ukirudi, hapo ulipoingia ndipo panapokuwa mahali pako kwa raundi zinazofuata. Wenzako mezani huenda wanachanganya hizi mbili. Amueni mnacheza ipi kabla ya dadu ya kwanza.