Fundi kanipa KOPO nikingie oili ya gari langu, mbele ya mkwe wangu!

Mkarafuu wa Ole (mleta uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi. Mikono inanitetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe.

Yule fundi mnamjua. Simtaji, na hana haja ya kutajwa, kila mwenye gari Pemba hii kuanzia Mkoani mpaka Konde kishamwachia pesa. Yule mwenye maneno mengi kuliko spana. Leo kanipa kopo. Kopo la maziwa ya unga, limeota kutu, mdomo umekatwa kwa bisu. Kanikabidhi mkononi kanambia: "Kila ukiegesha kinga chini, asubuhi mimina tena juu. Hutonunua oili mpaka kiama." Baraza zima likacheka, kuna aliyecheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Na mkwe wangu yumo ndani ya gari! Baba wa mke wangu, kanzu na kofia, tunakwenda Wete kumtazama mgonjwa.

Gari ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya aina ya 3L. Imebeba karafuu, imebeba mbao, imebeba maharusi, haijanitia aibu hata siku moja. Ikaanza kudondosha oili pale chini injini inapokutana na gia boksi. Nikampelekea. Hakuosha, hakufuta, hakufungua boneti! Kachungulia chini mara moja, kasimama, kasema: "Sili ya nyuma ya krenki hiyo. Gia boksi ishuke."

Ikashuka. Na nilikuwepo ilipofunguliwa, nikaitia mkono pleti ya klachi mwenyewe. KAVU. Vidole vimetoka na vumbi jeusi, hamna hata ukungu wa mafuta. Sili ile ni mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini; ikivuja kweli oili inaingia ndani mule, klachi inalowa, gari linaanza kuteleza mlimani. Langu lilikuwa linapanda na magunia bila ya kusita. Nikamuuliza, fundi mbona pakavu? Kanijibu nikae barazani niwaachie wenye kazi. Akatia sili mpya kwenye pahala pakavu, akachukua laki na nusu yangu.

Nimefika nyumbani, tone. Asubuhi, kidimbwi. Leo narudi kwa adabu zangu zote, na mkwe pembeni, ndio napewa KOPO.

Sasa skizeni. Jioni hii kijana wa shangazi yangu kaiosha injini kwa dizeli na sabuni, kaiacha ikakauka, kisha kaipaka poda ya mtoto kila upande ikawa nyeupe pe. Kawasha, tukakaa tunaitazama na tochi. Haukupita muda, mstari mweusi mwembamba ukaanza kuchora kwenye ile poda. Umeanzia wapi? Nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri! Injini hizi za 2L, 3L na 5L pampu ya vakyumu ya breki (ndiyo inayofanya breki ziwe laini) imefungwa nyuma ya altaneta na inatumia oili ya injini. Oili inaingia kwa paipu nyembamba, inarudi kwa hozi ya mpira. Hozi ya kurudishia ndiyo iliyopasuka pale kwenye klampu. Oili inateremka ubavuni mwa injini, gari likienda upepo unaisukuma nyuma, inakuja kudondoka chini ya nyumba ya klachi.

Kihozi cha urefu wa kiganja! Kwa kihozi hicho mtu kanishushia gia boksi, kisha akanipa kopo. Mbele ya mkwe.

Binti Machomane

Pole kaka. Kopo unalo au uliliacha? Tupia picha.

Mkarafuu wa Ole

Nimelitupa pale pale miguuni mwake. Mkwe kaniambia "mwanangu twende". Njia nzima mpaka Wete hakunena neno jengine. Mnajua mzee kunyamaza ni nini?

Nahodha wa Msuka

Mkwe kakaa kimya anahesabu mahari upya 😂😂 Laki na nusu ishaliwa na bado unamrudia yule yule? Bora alikupa kopo, mimi ningekupa pipa.

Spana 14

Mafundi sote mnatutia kapu moja, siyo haki. Nimefanya kazi hii Jang'ombe tangu ujana wangu. Oili ikionekana chini haijakwambia imetoka wapi. Unaosha, halafu unatafuta pahala pa juu kabisa palipolowa: tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), altaneta, pampu ya nozeli inayosukuma dizeli, ndio unashuka. Na utazame hozi ya kupumulia ya injini, ikiziba pumzi inajaa ndani inasukuma sili zote nje, utabadilisha mpaka uchoke. Fundi anayeanza na gia boksi bila ya kufungua boneti huyo anatafuta pesa ya Sikukuu.

Mkarafuu wa Ole

Allah akuzidishie. Hakufungua boneti! Kopo alikuwa nalo tayari, boneti hakufungua!

Mzee wa Kangagani

Huyo huyo! Langu alisema ni oili, nibadilishe gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nikabadilisha, bado. Kumbe dizeli, inatoka kwenye vile vipaipu vya kurudishia juu ya nozeli, inateremka inaosha uchafu inakuwa nyeusi kama oili. Si angenusa tu? Pua anayo! Mauntingi za mpira zinazoshika injini zimelowa dizeli mpaka zimevimba na kulainika kama boga, injini inacheza. Na asubuhi haliwaki mpaka nipampu kwa mkono pale kwenye filta, pumzi imeshaingia.

Dereva Gombani

Nyinyi mna bahati. Mimi gurudumu la nyuma lilikuwa linavuja mafuta ya breki, kaliziba paipu kwa bolti kanambia breki tatu zinatosha. Nimeteremka mlima na abiria, gari linavuta upande mmoja, watu wanasoma shahada. Huyo mtu atakuja kuua.

Mkarafuu wa Ole

Sheikh hilo ni kubwa, lakini alikufanyia faraghani. Mimi ni mbele ya mkwe, na watu wanacheka.

Dereva Gombani

Yaani kucheka na kufa unafananisha?

Mtoto wa Mwembetanga

Ndio nasema kila siku, gari leteni Unguja. Mwanakwerekwe unapata fundi na spea siku hiyo hiyo.

Nahodha wa Msuka

Unguja gani? Walimtilia shemeji yangu oili iliyotumika, imechujwa kwa kanga, ikauzwa mpya ndani ya galoni iliyofungwa vizuri. Tupumzishe.

Mtoto wa Mwembetanga

Hiyo si kazi ya mafundi, hao ni wauza duka. Tofautisha.

Spana 14

Mleta uzi, hiyo hozi usitie ya maji, itavimba. Tafuta ya kuhimili oili ya moto, na klampu mpya mbili. Na kabla ya kuwasha pima oili kwa kijiti, imeshuka bila shaka. Pampu ile ikikosa oili inakufa, na breki zinakuwa ngumu.

Mkarafuu wa Ole

Ahsante ami. Kesho nakwenda Chake kuitafuta. Na njia ni ile ile inayopita kwake. Nitapiga honi mpaka atoke.

Binti Machomane

Mafundi wa magari afadhali, kuna fundi cherehani mmoja hapa mjini, hata simtaji, wote mnamjua. Kitambaa cha Idi nimempelekea mapema kabla ya mfungo. Usiku wa mwezi kuandama ananiletea nguo ya mtu mwengine, ananambia "vaa hii, inakufaa zaidi".

Mama Raya

Wee! Yule mwenye mkasi shingoni? Kanikatia gauni mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, kanambia ndio mtindo!

Mzee wa Kangagani

Huyo na mimi ana kanzu yangu mpaka leo.

Binti Machomane

Mkono mmoja mfupi?! Mama Raya tupia picha basi.

Mkarafuu wa Ole

Jamani uzi ni wa kopo.

Mama Raya

Ngojeni nilitafute kabatini. Na pesa yote alichukua mbele, skuambii.

Dereva Gombani

Fundi cherehani wa kuchukua pesa yote mbele usimpe kazi kabisa, mpe nusu. Wangu hata vifungo kanidai kando.