Nani aliwaambia ukuta wenye mchoro ni ukuta mchafu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitangoja ipoe. Jana asubuhi nimetoka nyumbani nikakuta ukuta wote wa njia ya waenda kwa miguu umepakwa rangi ya kijivu, chini hadi juu, mwanzo hadi mwisho. Ukuta ule ulikuwa na mchoro. Mafundi walikuwa wanaosha rola zao. Nikawauliza nani kawatuma, wakanijibu wameambiwa kuna ukuta mchafu, waje wausafishe.

Mchafu! Pale palikuwa na fundi cherehani ameinamia kitambaa, mzee mlinzi na tochi yake, mama mfagiaji, watoto watatu wanaruka kamba. Hawakuwa watu wa kubuni. Ni wa mtaa huu huu, walikaa mbele ya mchoraji, wakachorwa kwanza kwenye karatasi ndipo wakahamishiwa ukutani. Najua kwa sababu nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya uzi wa chaki tulipokuwa tunapiga miraba, sentimita 1 ya karatasi ikawa sentimita 20 za ukuta. Na kabla ya hapo zilipita wiki nzima za kukwangua rangi ya zamani, kuziba nyufa na kusubiri lipu ikauke, maana ukuta wenye unyevu ndani hupandisha chumvi, na chumvi ikishapanda, rangi inabanduka kama magamba. Watu wanadhani mchoro ni siku mbili za kopo na brashi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na jina la mchoraji na namba yake ya simu. Rola imepita juu ya namba ile. Simu moja tu ilimshinda nani?

Nimekwenda kwa wenye ukuta. Wa kwanza kanielekeza kwa wa pili, wa pili kasema agizo limetoka kwa wa tatu, wa tatu akafungua faili na kuniambia hakuna kumbukumbu ya mchoro wowote pale. Kitu kinachotazamana na barabara, kila mtu anakitaja akielekeza njia, na kwenye makaratasi yao ni "ukuta" basi. Walitoa ruhusa kwa mdomo siku ile, hakuna aliyeandika, na leo kwao mchoro haukuwahi kuwepo.

Najua watakuja watu kuniambia mali ni ya mwenye ukuta, anafanya atakalo. Haya, tuongee kuhusu 5Pointz. Lilikuwa jengo la zamani kule Queens, New York, ambalo kuta zake zilijaa michoro, na wachoraji walichora kwa idhini ya mwenye jengo. Baadaye akataka kubomoa ajenge ghorofa za makazi. Wachoraji wakakimbilia mahakamani kuomba azuiwe, Novemba 2013 wakakataliwa. Yeye hakungoja hata vibali vya kubomoa vikamilike: siku chache tu baadaye, usiku, akaleta watu wakapaka nyeupe juu ya kila kitu. Mwaka 2018 mahakama ikamwamuru alipe dola 150,000 kwa kila kazi, kazi 45, jumla dola milioni 6.75. Akakata rufaa, mwaka 2020 akashindwa tena. Hakuadhibiwa kwa kuwa na jengo, wala kwa kutaka kulibomoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa inataka mchoraji apewe taarifa ya maandishi na siku 90 za kuiondoa kazi yake pale inapoweza kuondolewa. Siku 90! Sisi hatukupewa hata dakika 90. Na hata nje ya Marekani, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwenye kifungu cha 6bis unasema aliyeunda kazi anaweza kupinga kazi hiyo kupotoshwa au kuharibiwa kwa namna inayoidhuru heshima yake, hata kama haki ya kuiuza imeshaondoka mikononi mwake. Nchi nyingi zimeusaini. Ofisini nilipoutaja walinitazama tu.

Sisemi kila kilichowekwa barabarani kikae milele. Pale Federal Plaza, New York, mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimamisha ukuta wa chuma uliopinda, Tilted Arc, urefu wa mita 36 na ushei, unakata uwanja katikati. Wafanyakazi wa maofisi walilazimika kuuzunguka kila siku, na wengi waliuchukia. Nawaelewa, huenda na mimi ningeuchukia. Lakini mwezi Machi 1985 watu waliitwa wakasikilizwa kwa siku tatu, 122 wakataka ubaki, 58 wakataka uondoke. Mwisho uliondolewa mwaka 1989, na nauona ule uamuzi haukuwaheshimu waliosema. Hata hivyo waliulizwa, majina yao na maneno yao yakaandikwa. Ninachodai mimi ni kidogo kuliko hicho.

Na msidhani tatizo ni michoro peke yake. Sanamu ya bustanini, ile ya shaba nyeusi, imetobolewa kwenye kitako na nondo za bango la matangazo. Nani alitoa ruhusa hiyo? Maji yanaingia kwenye tundu, chuma cha ndani kinapata kutu, kutu inavimba, zege ya kitako inapasuka. Tayari ufa umeonekana. Sanamu ya shaba ya nje inatakiwa kuoshwa na kupakwa nta kila mwaka, kwa sababu kinyesi cha ndege na hewa chafu vinaila. Pesa ya kuizindua ilikuwepo, kitambaa kikavutwa, picha zikapigwa. Pesa ya nta haijawahi kuwepo. Anayezindua kazi bila kutenga fungu la kuitunza ameshaihukumu ife.

Nataka orodha. Kila mchoro na kila sanamu iliyo mahali pa wote iandikwe: ipo wapi, ya nani, nani aliruhusu, nani anaitunza. Ikifika siku ya kuiondoa, libandikwe tangazo pale pale ilipo, na mchoraji aambiwe kwa maandishi. Hilo linahitaji daftari na mtu mmoja wa kulijaza, wala si bajeti.

Sasa la haraka, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kesho. Mchoraji ameniambia kazi ile ilimaliziwa kwa kupakwa tabaka la nta la kuukinga ukuta na watu wa kuchorachora. Tabaka hilo huondolewa kwa maji ya moto yenye nguvu, na linaondoka na kilichopakwa juu yake. Kuna uwezekano watu wetu bado wapo chini ya kijivu. Kule Los Angeles, América Tropical, mchoro wa ukutani wa Mmeksiko Siqueiros, ilichorwa mwaka 1932 na ikafunikwa kwa chokaa ndani ya miaka michache. Wataalamu wakaifunua na kuihifadhi, na mwaka 2012 watu wakaanza kwenda kuitazama. Rangi zilikuwa zimefifia sana, lakini umbo lilikuwepo. Sisi tuna siku moja tu ya kijivu, na mafundi wamesema wanarudi Jumatatu kupaka mkono wa pili na kukwangua sehemu zilizovimba. Wakikwangua, imekwisha.

Kwa hiyo yeyote mwenye sauti ndani ya ofisi ile, azuie kazi ya Jumatatu. Na wote mliowahi kupiga picha mbele ya ukuta ule, za harusi, za watoto, hata zile ambazo mchoro umeonekana kipande tu nyuma ya bega la mtu, naomba mziweke hapa chini. Upande wa kushoto, pale kwa mzee mlinzi, sina picha hata moja.