Sampuli za Laikipia: podo zimetoka wapi, na migunga imeenda wapi?

Dada_Hadubini:
Wadau, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamili hapa Nairobi. Januari nilipanda matatu hadi Nyahururu, nikashika pikipiki, nikachota udongo wa juu sehemu 12 kuanzia Rumuruti kuelekea kaskazini, kule nchi inakozidi kukauka. Nataka kujua mimea ya leo inaacha chavua gani ardhini, ndipo nikija kusoma tope la zamani nielewe linasema nini kuhusu mvua.

Nimeshahesabu sampuli nne, chembe 300 kila moja. Ile ya nne niliichota chini ya mgunga, mwiba ukapenya hadi soli ya kiatu. Kwenye hadubini migunga ni 2. Podo, mti wa misitu ya milimani, ni 31! Na podo ya karibu iko msituni, mbali kabisa na hapo. Msimamizi anasema nimechafua sampuli maabarani, nirudie zote. Asidi ya kusafishia chavua imebaki kidogo, na stima inapotea karibu kila alasiri. Nirudie kweli?

Mzee_wa_Slaidi:
Binti yangu, usimwage kitu. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka 20 hapa mjini mpaka macho yakagoma.

Mgunga haurushi chavua ovyo kama nyasi. Unamtegemea mdudu. Chembe zake zinashikana, mara nyingi 16 pamoja, kama kimpira, na kimpira hicho ni kizito, kikimkosa nyuki kinaanguka papo hapo. Ukipata hata kimoja jua mti haukuwa mbali. (Kihesabu mara moja, si mara 16. Nimeona watu wakijitajirisha hivyo.)

Podo ni kinyume chake. Kila chembe ina vibofu viwili vya hewa, upepo unaibeba kutoka Marmanet, Aberdare au Mlima Kenya bila shida. Hata tope la Ziwa Turkana lina podo, na kando ya ziwa hilo ni jangwa; mto Omo huiteremsha kutoka milima ya Ethiopia. Ila uhakikishe si paini, maana nayo ina vibofu na imepandwa kwenye misitu ya serikali. Vibofu vya paini ni vya duara na vimebana shingoni; vya podo ni vikubwa, vimelegea.

Sasa sikiliza hapa. 31 kati ya 300 haisemi podo ni nyingi. Huenda inasema wenyeji ni haba. Mimea ikiwa michache, na ng'ombe wakila nyasi kabla hazijachanua, wageni wa upepo wanajaza nyumba. Ni kama arusi ambayo wenye mji hawakutokea. Asilimia peke yake haiwezi kukuonyesha hilo. Je, ulitia kile kidonge cha spora za likopodiamu (mmea mgeni, wa kulinganishia hesabu) kabla ya asidi?

Dada_Hadubini:
Nilitia, kimoja kwa kila sampuli. Nilidhani ni utaratibu tu.

Mzee_wa_Slaidi:
Utaratibu tu! Kidonge kina idadi inayojulikana, imeandikwa kwenye chupa. Ukihesabu spora ngapi umekutana nazo, unapata chembe kwa gramu moja ya udongo. Piga hesabu ya podo kwa gramu, kisha ya nyasi kwa gramu, kutoka kusini hadi kaskazini. Na usiku wa leo acha kioo chenye gliserini ya kunasa chavua dirishani mwa maabara. Kesho utajua kama uchafu unaingia au ni maneno ya msimamizi.

Nyuki_na_Leleshwa:
Mimi si msomi, nafuga nyuki upande wa Nanyuki. Dada, kuna mahali ulipochota penye uwazi wa mviringo, nyasi fupi, hakuna mti katikati?

Dada_Hadubini:
Sampuli ya 3! Nilipapenda kwa sababu palikuwa rahisi kukaa. Umejuaje? Imejaa mchicha mwitu na jamii yake, nikaichukua kuwa dalili ya nchi kavu, nikaandika "ukame mkali".

Nyuki_na_Leleshwa:
Hilo ni boma la zamani. Mifugo ililala hapo, samadi ikabaki, udongo una rutuba miongo mingi baada ya watu kuhama. Mchicha unapenda samadi. Mvua haihusiki.

Mzee_wa_Slaidi:
Huyo amekuokoa sura nzima ya tasnifu. Angalia pia spora za kuvu wa mavi kwenye slaidi hiyo. Na safari ijayo usichote konzi moja: zunguka, okota vidole viwili viwili mahali kama 15, uchanganye.

Dada_Hadubini:
Nimerudi. Kioo cha dirishani: nyasi 3, vumbi, mguu wa mbu. Podo hakuna. Podo kwa gramu karibu inalingana sampuli zote nne; zinazoshuka ni nyasi, na zinashuka sana kuelekea kaskazini. Sampuli ya 3 ina kuvu wa mavi hadi nikachoka kuhesabu. Na mzee wangu, kati ya zile podo 31, mbili zina shingo iliyobana. Nimezifuta kimyakimya kabla msimamizi hajaingia.