MREJESHO: Uyoga kwenye mabua ya mpunga, kosa lilikuwa chokaa

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini mifuko yangu ya uyoga wa mamama (oyster) inaota ukungu wa kijani ilhali mabua ya mpunga nayaloweka kwenye chokaa usiku kucha. Nimepata jibu, na aliyesema "tuonyeshe mfuko wa hiyo chokaa" alikuwa sahihi kabisa.

Nilikuwa natumia chokaa ya shambani, ile ya kupunguza tindikali ya udongo. Hiyo ni kalisi kaboneti; haiyeyuki vizuri na haipandishi pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya kutosha. Inayotakiwa ni chokaa iliyozimwa, yaani kalisi haidroksaidi, kama ile ya kupaka ukutani. Hiyo ndiyo inafikisha maji pH 12 na zaidi, vimelea vingi vinakufa, na mabua yanalainika kiasi, utando wa uyoga (nyuzi nyeupe zinazozaa uyoga) unapenya kirahisi.

Safari hii niliweka gramu 200 kwa lita 100 za maji, nikakatakata mabua, nikayazamisha kwa mawe saa 16. Nikachuja hadi nikikamua kwa mkono yanatoa tone moja au mawili tu. (Glavu jamani! Vidole vyangu vilibabuka siku ya kwanza.)

Kati ya mifuko 20 niliyojaza mabua hayo, mitatu imeharibika, nadhani niliifunga ikiwa na maji mengi. Mingine ilijaa utando mweupe wiki ya tatu. Jana nimevuna kwa mara ya kwanza, na mama watoto ameshaweka oda yake.