Mjadala: Nadharia za fasihi zinapima kazi, au zinatupatia tu la kusema?

Mtoa mada

Wadau wa fasihi, leo naomba tuvutane. Chukua tasnifu yoyote ya uhakiki, kichwa chake utakitabiri: riwaya fulani "kwa kuegemea nadharia" ya Umarx (inayotazama matabaka), ya ufeministi (inayotazama mfumodume), ya saikolojia changanuzi (inayotazama yaliyofichika akilini). Kwanza usuli, kisha waasisi wa nadharia, halafu ushahidi. Na ushahidi haukosekani! Sijapata kusoma tasnifu iliyohitimisha kwamba nadharia iliyochaguliwa haikufaa. Aliyekwenda kutafuta matabaka karudi nayo, aliyetafuta mfumodume kaukuta. Lakini kama kitabu ni kizuri au kibovu, hilo halikuguswa. Riwaya mbovu nayo ina matabaka, tena pengine yanaonekana upesi zaidi, maana tajiri wake lazima awe na kitambi na maskini wake hana kosa hata moja.

Msimamo wangu: kazi ya uhakiki ni kutoa hukumu, na nadharia haitoi hukumu. Anayehukumu ni msomaji aliyesoma kwa makini, akaonyesha mahali palipomshika na mahali palipomchosha. Nipingeni.

Mwalimu wa fasihi

Nakupinga. Nadharia unaibebesha makosa ya wanafunzi, na yetu sisi tunaowasimamia.

Hilo la "kusoma kwa makini tu" lilishajaribiwa. Mhakiki Mwingereza I. A. Richards, pale Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Mwaka 1929 alichapisha matokeo ya mashairi 13. Vijana wale, waliokulia kwenye vitabu, waliyasifu mashairi hafifu na kuyaponda ya washairi wanaoheshimika. Wengine hata maana ya kawaida ya sentensi iliwapita. Wengi walijibu kwa kumbukumbu zao binafsi, au kwa hisia walizokuja nazo tayari kabla ya kusoma. Msomaji "asiye na nadharia" anayo, ila hajui kama anayo.

Tazama ushairi wa Kiswahili. Mshairi Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Mwaka 1974 mwandishi Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake *Kichomi*, vina na mizani kavitupa, na wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Hawakuwa wasomaji wavivu, na masikio yao yalikuwa mazuri sana. Ila hawakujiuliza ni nani aliyekata shauri kwamba pasipo vina hapana ushairi. Swali hilo ni la nadharia, na hulipati kwa kurudia kusoma beti.

Mtunzi

Mimi ni mtu wa kutunga, nitasema kidogo. Mhakiki akiniambia kazi yangu ina "mwelekeo wa kiudhanaishi" (falsafa ya mtu kujitafutia maana ya maisha), nashukuru, lakini sijui nirekebishe nini. Akiniambia mhusika wangu mtoto anaongea kama hakimu, usiku huohuo nafuta. Basi.

Mtoa mada

Mwalimu, mfano wako wa vina unanifaa mimi. Someni huu ubeti nusu, nimeutunga sasa hivi:

Elimu ni jambo bora, kila mtu aisome,
Ujinga una hasara, kila mtu auhame.

Mizani nane kwa nane, vina viko mahali pake. Kwa sheria umepita. Lakini "jambo" limeingia kutimiza hesabu tu: liondoe, kipande kinabaki na mizani sita na maana haikupungua chochote. Na ujinga unahamwa vipi? Kitenzi hicho kimeletwa na kina cha "me", mtunzi hakukihitaji. Kwa hiyo anayeshika sheria anaweza kutunga upuuzi, na anayezivunja vilevile. Ugomvi ule ulihusu kipi kiitwe shairi. Lipi ni shairi zuri, tuliachiwa wenyewe.

La pili. Mwaka 1975 mwandishi Mnigeria Chinua Achebe alisimama Amherst, Marekani, akasema *Heart of Darkness*, riwaya ya Joseph Conrad kuhusu safari ya Mzungu ndani ya Afrika, haistahili kuitwa kazi kubwa ya sanaa, kwa kuwa inawavua Waafrika utu. Kitabu cha Edward Said, *Orientalism*, kuhusu jinsi Magharibi ilivyoichora Mashariki, ambacho wanaoegemea nadharia ya baada ya ukoloni hawaachi kukinukuu, kilitoka 1978. Achebe hakukisubiri. Alifungua riwaya akaonyesha, kwa mfano, jinsi Waafrika wa mle wanavyonyimwa lugha, wakaachiwa vijineno viwili vitatu tu. Hiyo ni hukumu, na imetolewa waziwazi.

Msomaji wa kawaida

Mbona mnagombania hukumu kama vile ni lazima? Mhakiki wa Kanada, Northrop Frye, mwaka 1957 aliwakejeli wahakiki wanaopandisha na kushusha majina ya washairi kama hisa sokoni. *Moby-Dick*, riwaya ya Mmarekani Herman Melville, ilitoka 1851 ikadoda. Melville akafa 1891 watu wengi wameshamsahau. Miaka ya 1920 wakamfufua. Mhakiki wa mwaka gani nimwamini? Anieleze kazi imejengwaje. Kuipenda au kutoipenda nitajua mwenyewe.

Mwalimu wa fasihi

Mtoa mada, Achebe si shahidi wako. Riwaya ile ya Conrad ilianza kuchapwa 1899. Kwa zaidi ya miaka 70 waliisoma mabingwa wa kusoma kwa makini, wengi wao wakapita hapohapo bila kushtuka. Achebe alishtuka kwa sababu alikuwa upande wa wanaosimuliwa. Mwanafunzi ambaye hakuzaliwa upande huo tutamfundishaje kushtuka? Kwa kumwambia asome kwa makini zaidi?

Mtoa mada

Hapo nakupa haki yako: nadharia inaweza kumwelekeza mtu pa kutazama. Lakini waliomtetea Conrad nao wana nadharia yao, kwamba msimulizi si mwandishi, kwa hiyo Marlow, baharia anayesimulia riwaya ile, asichukuliwe kuwa ndiye Conrad. Pande zote mbili zina silaha, na kilichobaki ni kurudi kwenye kurasa. Msomaji wa kawaida, hapo huwezi kukaa pembeni: ukisema riwaya imejengwaje, umeshachagua upande. Basi mlioisoma: Conrad anamcheka Marlow, au anakubaliana naye? Atakayejibu ataje na sehemu yenyewe.