Cazuela ya ng'ombe ya Chile: boga linanivurugikia, nakosea wapi?

mke_wa_santiago
Habari zenu wapishi. Niko Santiago, nimeolewa huku mwaka wa pili sasa na Jumapili mama mkwe anakuja kula. Nataka nimpikie cazuela, ile ya nyama ya ng'ombe na boga na mahindi, maana ndo chakula chao cha nyumbani kabisa, mtoto akiumwa cazuela, baridi ya mwezi wa saba ikipiga cazuela. Mara ya mwisho nilipika kama ninavyopika mchuzi wetu, nikakatakata kila kitu vidogo vidogo nikatia sufuriani kwa pamoja, boga likayeyuka lote, supu ikawa ya njano nzito kama uji. Mama mkwe alikula akamaliza, ila akaniambia kwa upole, "mwanangu, hii ni carbonada." Neno hilo limenikaa wiki nzima. Nisaidieni jamani.

supu_ya_moto
Pole dada, ila mama mkwe kakwambia kweli. Niliishi Concepción miaka minne, carbonada ya Chile vitu vyake ni karibu vilevile, tofauti iko kwenye kisu, pale nyama na mboga zinakatwa ndogo kama dadu. Cazuela kila mtu anapata bakuli lenye kipande chake kikubwa cha nyama, kiazi kimoja kizima, kipande cha boga na kipande cha hindi bichi, wenyewe wanaita choclo. Kwa hiyo kabla hujawasha jiko hesabu watu, mkiwa watano viazi vitano, maboga vipande vitano.

Nyama chukua muundi wenye mfupa na uboho, buchani waambie osobuco, au mbavu. Bandika na maji ya baridi pamoja na kitunguu, karoti na oregano kidogo, povu likipanda litoe lote kwa kijiko usichoke, halafu punguza moto iwe inatokota kwa mbali tu, saa moja na nusu hata mbili, mpaka nyama ilainike. Ukiiacha ichemke kwa fujo supu inachafuka. Nyama ikishaiva ndo unatia viazi na mahindi, baada ya dakika 10 boga na mchele kama kijiko kimoja kwa kila mtu, dakika 7 au 8 baadaye maharage machanga ya kijani, ukiona kiazi kimeiva, zima moto.

Na boga USILIMENYE. Osha, kata pande kubwa na ganda lake, ganda ndo linalolishika lisivurugike.

jikoni_valpo
Yote sawa ila mimi hapo kwenye nyama siko nawe. Hapa Valparaíso jirani yangu anaanza kwa kuikaanga kidogo na kitunguu na ají de color, ile pilipili nyekundu ya unga isiyowasha, ndo anamwaga maji, na supu inatoka na vimafuta vyekundu juu vizuri mno. Nimejaribu njia zote mbili, sirudi kwenye ya maji baridi. Kotimiri katia mwisho, kwenye bakuli, usiichemshe.

supu_ya_moto
Hiyo ya kukaanga nayo wanapika wengi, sikatai. Ila kwa anayeanza nashauri povu kwanza, supu inakuwa safi.

wa_buenos_aires
Huku Argentina tuna puchero, ni ndugu yake, ila kwenye nyumba nyingi supu inanywewa peke yake kwanza, nyama na mboga zinaletwa kwenye sinia. Chile kila kitu bakuli moja, lakini angalia wanavyokula, wengi wanaanza na supu, halafu ndo kisu na uma.

mke_wa_santiago
Nimerudi kutoa mrejesho. Nilifuata povu, nikakaa pale na kijiko karibu dakika 20 mpaka maji yakatulia. Boga lilisimama na ganda lake! Nilipolipakua nilikuwa naogopa hata kuligusa. Mama mkwe alikunywa supu yote kwanza kama mlivyosema, akaponda boga kwa uma, akaweka pebre juu (ile kachumbari yao ya nyanya, kitunguu, kotimiri na pilipili), kisha akanyonya uboho. Hakusema carbonada. Alisema wali niliuzidisha, na mara nyingine nitie chuchoca badala yake, ule unga wa mahindi yaliyopikwa yakakaushwa. Sasa hiyo inaingia saa ngapi, pamoja na boga au kabla?

jikoni_valpo
Pamoja na boga, ila nyunyiza huku unakoroga polepole, la sivyo inashika mabonge. Kijiko kimoja au viwili kwa sufuria nzima vinatosha.